Mwaka mmoja kwenye klabu ya mdahalo ya chuo

Naipa nyota tatu kati ya tano, na ya tatu ni ya katibu peke yake.

Tangazo lao linasema "karibuni wote", na kweli hakuna aliyenifukuza. Ila kikao kikianza, wenyeji wa lugha wanadakiana maneno na kutaniana mambo ya tangu sekondari. Sisi wanne ambao nyumbani tunaongea lugha nyingine tunacheka wengine wakishamaliza kucheka. Hilo linachosha kuliko mdahalo wenyewe. Ukija kuipanga sentensi kichwani ikakaa sawa, hoja imeshapita. Siku moja nilipendekeza mada, kimya. Baada ya dakika kumi mwenzangu akaisema ile ile kwa ufasaha, makofi yakapigwa, na kwenye muhtasari wa kikao likaandikwa jina lake. Niliumia sana siku ile.

Muhula wa pili akaja katibu mpya. Agenda ikawa inatumwa siku moja kabla, na mwenyekiti akaombwa azungushe zamu: kila mtu dakika mbili, hakuna kudakia. Basi, ni hayo tu. Jioni ya kwanza niliingia na karatasi yangu, hoja tatu, pembeni maelezo kwa lugha ya mama. Karatasi ilikuwa inatetemeka mkononi, lakini nilizisema zote, na ya pili ilijadiliwa hadi tukafukuzwa ukumbini.

Ninachowadai bado ni kamati. Viti vyote wamekaa marafiki wa tangu zamani. Halafu sisi tukikutana Jumamosi kwenye chama chetu, wanauliza mbona tunajitenga. Jamani, kuendesha kikao nimejifunzia huko huko! Wale wanafunzi saba weusi walioanzisha chama cha wanafunzi cha Alpha Phi Alpha pale Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, mwaka 1906 walikuwa wanabaguliwa chuoni. Wakaanza kwa kusoma pamoja na kushikana mkono. Mtu akiwa na mahali pa kupumulia, anapata nguvu ya kwenda kukaa na wengine.

Ukijiunga, omba agenda mapema na usikae nyuma, zamu huwa inaanzia mbele. Katibu anahitimu mwaka huu, na mpangilio wake haujaandikwa popote kwenye katiba ya klabu. Nimeshachukua fomu ya kugombea nafasi yake.