Kuku chotara wa mayai ya rangi: bidhaa nzuri, ahadi nyingi mno

Nyota nne kwa kuku, mbili kwa namna anavyouzwa.

Easter Egger si aina ya kuku, bali ni chotara. Upande mmoja wa ukoo wake kwa kawaida una damu ya Araucana au Ameraucana, aina za kuku zenye jeni ya ganda la buluu. Upande wa pili anaweza kuwa kuku yeyote. Kwa hiyo muuzaji anayeahidi yai la buluu kwa kila kifaranga anaahidi asichoweza kukijua, isipokuwa awe amewapima wazazi.

Hesabu yenyewe ni hii. Nakala moja ya jeni inatosha kuleta buluu. Jogoo mwenye nakala mbili huwarithisha mabinti wote. Mwenye nakala moja, akipanda mitetea ya mayai meupe au ya kahawia, nusu tu ya mabinti ndio hupata. Chotara kwa chotara, kila mmoja na nakala moja, robo hukosa. Usipoteze muda kuuliza rangi ya manyoya, maana haihusiani kabisa. Uliza mabinti wa jogoo huyo waliozaliwa na mitetea isiyo na buluu wanataga rangi gani. Akibabaika, chukulia kuwa ni nusu kwa nusu.

Ipo dalili moja ya kuangalia kwa kifaranga: undu, ile nyama ya juu ya kichwa. Jeni ya buluu iko jirani na ile ya undu mfupi wenye safu tatu za vinundu, hivyo mara nyingi hurithiwa pamoja. Mara nyingi, si kila mara. Na kama buluu ilitoka kwa Cream Legbar, aina nyingine ya kuku wa mayai ya buluu, mwenye undu mrefu wa kusimama, dalili hiyo haina kazi.

Sasa rangi yenyewe, maana hapa ndipo kuku huyu anapolipa. Buluu huingia ndani ya ganda lote. Kahawia hupakwa juu, saa za mwisho kabla yai halijatoka. Kijani ni kahawia juu ya buluu. Kijani kizito cha zeituni hakipatikani bila damu ya kuku wa kahawia iliyokolea, kama Marans wa Ufaransa au Welsummer wa Uholanzi. Vunja yai, bandua utando wa ndani, tazama ganda: likiwa la buluu, mtetea ana jeni, likiwa jeupe, hana, hata kama nje yai lina rangi ya kupendeza namna gani.

Mtetea mmoja hutaga rangi moja maisha yake yote. Kinachobadilika ni ukolezi: yai la kwanza baada ya mapumziko huwa limekolea, kisha rangi hupauka kadiri anavyoendelea kutaga, na hurudi akishanyonyoka manyoya na kupumzika. Kahawia ikipauka ghafla, angalia joto kali, hofu (mbwa, kunguru, kuhamishwa banda), au ugonjwa wa mkamba wa kuku, ambao pia hukunja ganda na kuufanya ute uwe majimaji. Dawa ya nikabazini, ya kuzuia koksidia (vimelea vya utumbo), huyafanya mayai ya kahawia yawe meupe. Mitetea wanaotaga wasipewe. Chakula cha kuboresha rangi kinachotangazwa ni porojo. Chakula hubadilisha kiini, si ganda.

Utagaji ni wa wastani: takriban mayai manne kwa wiki, na mtetea huanza kutaga akiwa na umri wa wiki 20 hadi 28. Anayetaka trei nyingi anunue kuku wa mayai wa kisasa. Mahitaji ni yaleyale ya kuku wengine: gramu 110 hadi 120 za chakula kwa siku, chenye protini asilimia 16 hadi 18, chokaa ya kusagwa au makombe kwenye chombo cha peke yake, kiota kimoja kwa mitetea wanne au watano, saa 14 hadi 16 za mwanga.

Kasoro ya mwili ni ndevu, yaani manyoya ya kidevuni. Hulowa kwenye maji ya kunywa, hushika uchafu, na chawa hujificha humo. Kagua chini ya kidevu kila wiki, na tumia chombo cha maji chenye mdomo mwembamba au chuchu.

Kuhusu idadi: ukiwa na mitetea sita wa nusu kwa nusu, uwezekano wa wote kukosa buluu ni mmoja kati ya 64. Lakini vifaranga wa chotara huyu kwa kawaida hawatambuliki jinsia kwa rangi, kwa hiyo agiza 12 ili upate mitetea kama sita, na panga mapema majogoo utawafanyia nini.