Kemisti aliyeninyima Flagyl, nampa nyota nne

Mie si mtu wa kuandikia maduka maoni lakini hili duka la dawa hapa Malindi limenikalisha chini, tena tumbo lenyewe ndo kwanza limetulia.

Chanzo ni harusi. Ijumaa tulikuwa Lamu kwa mtoto wa mamangu mdogo, mambo yote mazuri, pilau sinia moja watu wanne, kachumbari, sharbati ya ukwaju, na pale mlangoni badala ya birika na beseni la kunawia wameweka ile jeli ya mkono ya kubonyeza, ati ndo kisasa. Jumamosi boti mpaka Mokowe, basi mpaka Malindi, mzima kama kigongo. Jumapili alfajiri, yarabi. Sitasema mengi ila nilikaa chooni na ndoo nimeipakata. Nikishika simu grupu ya familia yawaka moto, kila dakika mtu mwengine kaanguka, mamangu mkubwa asema ni jicho, shemeji alaumu nyama, mpishi naye (simtaji, atafuta riziki kama sisi) ajitetea kuwa ng'ombe alichinjwa asubuhi ileile.

Basi nikajikokota mpaka dukani na mia mbili yangu mkononi, nikamwambia ami, nipe Flagyl. Si ndivyo tulivyolelewa? Tumbo likiendesha ni Flagyl, mafua ni Flagyl, ukikosa usingizi pengine pia ni Flagyl. Ami akanitazama kwa juu ya miwani. "Sikuuzii."

Akaanza kunihoji. Mlioumwa wangapi? Mlianza lini? Wanatapika ama waendesha tu? Kuna damu? Homa kali? Nikafungua grupu tukahesabu pale kaunta na watu nyuma yangu waguna. Waliotapika wapita nusu, wengi walianza siku moja ama mbili baada ya kula, damu hakuna, na wale wa kwanza washaanza kuitisha chai na mahamri. Ami akacheka akasema mwanangu, hapo panuka norovirusi, na Flagyl kwa virusi haina kazi, iyo ni ya amiba na jamaa zake. Kumbe yale maswali hakuyatunga yeye, kuna mtafiti aitwa Kaplan na wenzake waliyapanga mwaka 1982 kwa mahali ambapo kupima virusi hakuwezekani: zaidi ya nusu watapike, ugonjwa uanze baada ya saa 24 mpaka 48, uishe ndani ya saa 12 mpaka 60, na choo kikipimwa kisionekane bakteria. Hilo la mwisho sisi hatukupima kwa hivyo na yeye hakuapa, na hapo ndipo nilipomuamini.

Akanichanganyia ORS, ile poda ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, palepale kwa maji ya chupa, akaniambia ninywe fundo moja moja, nikigugumia yatarudi. Huku nanywa yeye kwa hadithi ashafika Marekani. Mwaka 1968 shule moja ya msingi mji wa Norwalk, Ohio, karibu nusu ya wanafunzi na walimu walianguka kwa matapishi, na maabara hazikuona kitu. Wakachukua choo cha wagonjwa wakakichuja kwa chujio lisilopitisha bakteria, halafu wakatafuta watu wa kujitolea WAKINYWE. Nami nina kikombe mdomoni! Wakaumwa vilevile, ndo wakajua mwenye kosa ni mdogo kuliko bakteria. Mwaka 1972 mtafiti Albert Kapikian akamuona kwa darubini ya elektroni, na jina norovirusi latoka hukohuko Norwalk. Ila kumuotesha vizuri maabara walishindwa miaka na miaka, mpaka 2016 kule Houston walipotumia vijitumbo vidogo vilivyooteshwa kutokana na seli za utumbo wa binadamu. Ndo maana dawa yake bado haipo, ami asema huwezi kumfuga huwezi kumsoma.

Sasa ile jeli ya harusini. Nyota sifuri. Spiriti iliyomo yaua virusi wenye ganda la mafuta kama korona, huyu wa matumbo hana ganda hilo, kwa hivyo mwajipaka jeli mwanukia vizuri halafu mwaingiza mikono kwenye sinia moja, na chembe zisizofika mia zatosha kumlaza mtu. Sabuni na maji yanayotiririka ndo yamtoa, yani birika la bibi zetu lilikuwa sawa kuliko kisasa chao. Na mie kachumbari naishuku sana, maana pilau yachemka lakini vitunguu vyakatwa kwa mkono vyaliwa vibichi, na kwenye grupu ishatoka habari kuwa mmoja wa wasaidizi jikoni alikesha akitapika usiku wa kuamkia harusi. Mtu akipona bado aweza kumtoa huyu kirusi kwa wiki mbili. Kwa matapishi ya nyumbani ami alinipa jiki, ile dawa ya klorini ya kung'arisha nguo, kikombe kimoja kwa maji vikombe sita, uache ikae kidogo kabla ya kupangusa.

Nilimuulizia pia mtoto wa dadangu wa miezi minane maana naye alianza kuendesha. Hapo alibadilika uso. Akauliza kadi ya kliniki, kapata yale matone ya chanjo ya rotavirusi, kirusi kingine cha kuendesha watoto, ya kuanzia wiki ya 6? Alipata, alhamdulillahi. Kenya yapewa tangu Julai 2014, na watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, hapa Kilifi waliofuatilia hospitali ya kaunti kwa miaka waliona watoto wanaolazwa kwa rotavirusi wamepungua. Akampa ORS na zinki, akaagiza akianza kulala lala ama macho kuzama ama akitoa choo kama maji ya mchele, hospitali mbio, tusirudi kwake.

Nyota ya tano kwa nini nimeizuia: benchi hakuna, mgonjwa wasimama kama mlingoti, redio ya ami iko juu mno, na namba ya kulipia kwa simu ilikuwa haifanyi kazi. Nililipa 150 kwa vyote na ile hamsini yangu sijarudishiwa, asema hana chenji, nipite kesho. Nimepita mara mbili. Ijumaa afunga saa sita kwa sala na hafungui mpaka saa tisa, msije mkasimama juani bure.