Gitare ya manouche: mdomo mkubwa ao mdomo mdogo? Nimezipiga zote mbili miezi mitatu

Hii ni gitare ya jazz ya Wamanouche, watu wa jamii ya Waroma (Wajipsi) wa Ufaransa. Niseme mapema, mimi nilinunua ya mdomo mdogo na sijuti. Lakini kama kazi yako ni akompanyema, kusindikiza wengine kwa akori, kwenye maharusi ya kwetu Lubumbashi, pale kuran ya umeme inakatika katikati ya wimbo na ampli inanyamaza, soma kwanza mpaka chini kabla hujatoa dola zako.

Mara ya kwanza kuziona nilifikiri tundu limetobolewa na mlevi. Moja iko na tundu kubwa kama herufi D imelazwa, Wafaransa wanaiita grande bouche, mdomo mkubwa, ingine iko na kayai kadogo tu, petite bouche, mdomo mdogo. Aliyeichora ni Muitaliano, Mario Maccaferri, na Selmer wa Paris, wale wale wa saksofoni, wakaanza kuitengeneza 1932. Ile ya kwanza njo ya D, shingo inakutana na mwili kwenye kaze ya 12 (kaze ni vile vyuma vya shingoni vya kubania nyuzi). Maccaferri hakukaa sana, 1933 wakaachana, Selmer wakaendelea kubadilisha kidogo kidogo mpaka wakafika kwenye kayai, kaze 14 ziko nje ya mwili na nyuzi zimerefuka, milimita 670 toka kichwani mpaka kwenye shevale, ule mti unaobeba nyuzi juu ya ubao, wakati ya D ni 640. Django Reinhardt, yule Mmanouche aliyezaliwa Ubelgiji 1910, gitare yake namba 503 ni ya kayai, iko kwenye jumba la makumbusho ya muziki Paris. Zote kwa jumla Selmer hawakufikisha hata 1000, na 1952 wakaacha kuzitengeneza, kwa hiyo wewe na mimi tunanunua kopi, tusidanganyane.

Yangu ni kopi ya China, dola 780 bila usafiri, ilipitia mpaka wa Kasumbalesa ndani ya katoni ya televizyo. Ya pili si yangu, ni ya yaya (kaka mkubwa) mmoja wa Kamalondo hapa mujini, D kubwa, iliundwa na luthié, fundi wa gitare, mmoja wa Ubelgiji. Yaya alikubali tubadilishane wiki kwa wiki, Mungu amubariki.

Sasa ujenzi. Watu wakisikia mgongo ni wa kontreplake, mbao za tabaka, wanakunja uso, "aah, ni ya bei rahisi". Hapana bwana. Selmer wenyewe walifanya mgongo na mbavu za palisandre za kubandika tabaka kwa tabaka, na sauti inatoka mbele kwa nguvu. Siri iko kwenye ubao wa juu, ule wa mti wa episea. Chukua gitare, ilaze usawa wa jicho mbele ya dirisha, angalia nyuma ya shevale: utaona ubao umekunjwa, kama bati iliyokunjwa kidogo kwenye ukingo wa paa. Ule mkunjo unaupa ubao nguvu, njo maana wanaweza kuuacha mwembamba na bado unabeba nyuzi za chuma. Na shevale haikubandikwa, imekaa tu juu ya ubao, nyuzi zinaikandamiza na kwenda kujifunga nyuma kwenye kordié, kile kishikio cha nyuzi cha chuma.

Hapo njo niliaibika. Nilitoa nyuzi zote sita mara moja, shevale ikadondoka chini, mtoto wangu akapiga kelele "papa, umevunja gitare!" na fundi niliyemupelekea akachukua kole tayari abandike. Nilimushika mkono. Usibandike! Unapima tu toka kichwani mpaka kaze ya 12, kwangu ni 335, halafu unapima tena kiasi kile kile kwenda mbele, pale njo shevale inakaa, unaisogeza nywele moja moja mpaka sauti ya juu na ya chini zipatane.

Sauti yenyewe sisi wa Katanga inatushtua. Tumekulia kwenye kidole gumba na kidole cha pili, mambo ya Mwenda Jean-Bosco, mpiga gitare wetu wa zamani, tunapenda uzi uendelee kuimba nyuma ya mwingine. Hii haiimbi hivyo. Unachapa akori, inasema KWAA! halafu imekufa. Siku ya kwanza nilipiga na vidole, sauti ikatoka nyembamba kama ya redio ya pili ya jirani, nikataka kulia juu ya dola zangu. Kumbe inataka mediatori, kile kikipande cha kuchapia nyuzi, nene, isiyopinda hata kidogo, na mkono unaanguka kwa uzito wake. Nilipokubali hilo gitare ikafunguka.

Tofauti ya zote mbili sasa. Ya D ina tumbo, besi inatoka pana, ukipiga ile ritmo yao ya pompe, chapa na kuzima, chapa na kuzima, unajisikia kama uko na ngoma ndani. Ya kayai inapita puani, kavu, inanyooka kama mshale, noti za juu zinakaa kidogo zaidi na mtu wa mwisho kabisa uani anasikia kila noti. Ni gitare ya soliste. Lakini watu wanasema ni tundu peke yake linafanya hivyo, hapo mimi sikubali. Nilikata katoni ya viatu nikaziba D ya yaya nikaacha kayai kadogo: besi ilipungua, sauti ikaingia puani kidogo, ila haikuwa yangu hata karibu. Urefu wa nyuzi na ubao njo vinabeba kazi kubwa.

Lalamiko langu ni kwa muuzaji, jina naacha: alinitumia na nyuzi za bronze za unene wa namba 12, nene, sauti ikawa nzito bila raha na ubao ulikuwa unateseka. Nilibadilisha na nyuzi za Argentine za kampuni ya Savarez, namba 11, shaba iliyopakwa fedha, ikawa gitare ingine kabisa. Duka ninazozijua hapa mujini hawaziuzi, naagiza kwa watu wanaotoka Brussels, nimebaki na paketi mbili.

Na chungeni mwezi wa saba. Hewa ikikauka ubao unashuka, nyuzi zinaanza kulia zzz kwenye kaze. Naweka kitambaa kibichi ndani ya kopo la sabuni lenye matobo, nafunga sanduku. Mvua ikirudi nyuzi zinapanda tena, kwa hiyo usiharakie kukata shevale ili uzishushe, kiangazi zitashuka zenyewe.

Jumamosi niko na harusi Katuba, hapa hapa mujini, nitapiga akompanyema usiku mzima. Nimemuomba yaya ile ya D.