Barua yetu "haikuonekana": ziara ya kikundi kwenye hifadhi ya nyaraka

Nimekawia kuandika haya kwa sababu nilitaka hasira ipoe kwanza. Haijapoa, kwa hiyo naandika hivyo hivyo. Hifadhi ya nyaraka ninayoizungumzia sitaitaja jina wala mji wake, maana ndani yake yumo mtu mmoja ambaye sipendi aaibike kwa makosa ya mwenzake. Lakini yeyote anayefikiria kupeleka kikundi chake mahali kama hapo, kusikiliza mhadhara wa historia na kuona karatasi za zamani, asome kwanza ndipo akodi gari.

Kikundi chetu kina watu 22, wengi wao wastaafu wenye asili ya Rufiji. Huwa tunakutana kuzungumza mambo ya kwetu: majina ya vijiji vilivyohama, mashamba ya zamani, na zaidi ya yote Vita vya Maji Maji, ambavyo baadhi yetu tulisimuliwa na babu zetu jikoni kabla hatujavisoma darasani. Tuliomba mambo mawili tu, kwamba mtaalamu atuzungumzie kwa saa moja juu ya kilimo cha pamba cha kulazimishwa wakati wa Wajerumani, kisha tuonyeshwe barua chache ambazo majumbe, yaani wakuu wa vijiji wa wakati ule, waliwaandikia wakubwa wa boma. Barua ya maombi niliipeleka mwenyewe miezi kadhaa kabla, nikapiga simu mara mbili, na mara ya pili nikajibiwa, "Njooni tu, mzee, mmeshapangiwa." Tukachanga nauli, tukakodi Coaster, tukaondoka usiku wa manane.

Kijana wa mapokezi hakuinua uso. Nilipomweleza sisi ni akina nani, alifungua daftari kubwa, akapitisha kidole juu ya ukurasa mmoja, narudia, ukurasa mmoja, kisha akalifunga na kusema, "Barua yenu haionekani." Nikampa nakala yangu. Akaigeuza mbele na nyuma, akauliza mbona haina muhuri wa kupokelewa. Hapo nilinyamaza, kwa kuwa kweli haikuwa nao. Siku niliyoipeleka niliambiwa muhuri umefungiwa kabatini na mwenye ufunguo yuko msibani. Nakiri kwamba mtu aliyefanya kazi ya ofisi karibu maisha yake yote alipaswa kungoja mwenye ufunguo arudi. Nilifanya uzembe, na kijana yule aliuona papo hapo akaushikilia.

Akaongeza kwamba kikundi hakitakiwi kuzidi watu 10, sharti ambalo hakuna aliyenitajia katika simu zote mbili. Wakati huo mkubwa wetu kwa umri, ambaye sote tunamwita Bibi, alikuwa amesimama mbele ya kaunta na bakora yake, akingoja shikamoo ambayo haikuja. Alipoona haiji, akaanza yeye: "Hujambo, mwanangu?" Kijana akajibu "Poa," kisha akanigeukia mimi na kuuliza, huku Bibi akisikia, "Na hawa wazee wanataka kusoma nini humu?"

Sijui kama alikusudia ubaya. Huenda alikuwa anauliza tu, kama anavyomuuliza kila mtu ili ajaze fomu, na mwenzangu mmoja bado anashikilia kwamba nilimwelewa vibaya. Lakini tangu dakika ile sikuona zuri lolote katika jengo lile. Mabenchi yalikuwa membamba, feni ilikuwa inazunguka kwa kujilazimisha, choo kilikuwa na kufuli, na kile kibao cha "Karibu Mgeni" kilichotundikwa juu ya kichwa cha kijana kilinichoma moyo kuliko vyote. Tulikaa pale zaidi ya saa nzima.

Aliyetuokoa ni mtunza nyaraka, mama wa makamo aliyekuwa anapita na vumbi mikononi, ambaye alituona, akauliza, akaisoma nakala yangu bila kutafuta muhuri. Alituomba radhi, akamwamkia Bibi kwa kupiga goti kidogo, akatuingiza sote 22 katika chumba cha kusomea. Masharti yake yalikuwa makali kuliko ya mapokezini: mikoba tuiache nje, kalamu za wino tuziache nje, atakayeandika aandike kwa penseli, na kila mtu anawe mikono na kuikausha sawasawa. Hakuna aliyenung'unika, kwani kila sharti alilieleza sababu yake.

Na alivyozungumza! Alianza na mwaka 1902, wakati wa gavana Götzen, mashamba ya pamba ya vijiji yalipoanza kulazimishwa katika wilaya za pwani ya kusini. Akaeleza kwamba kwenye karatasi kila mtu alitakiwa kufanya kazi siku 28 kwa mwaka, na kwamba ujira ulikuwa mdogo hata wengine wakakataa kuupokea. Mwisho wa Julai 1905 watu wa Nandete, katika vilima vya Umatumbi, waling'oa miche ya pamba. Alipofika kwa Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe aliyewagawia watu maji ya kuwakinga na risasi, aliyenyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka ule ule, mzee mmoja aliyezaliwa jirani na Mohoro alivua kofia, na mama yule akanyamaza mpaka alipoivaa tena.

Kisha akaleta barua. Ilikuwa nakala ya picha, Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na kando yake karatasi iliyopigwa chapa kwa herufi za Kirumi na mtu wa zamani asiyejulikana. Mahali pamoja palisomeka "baba ya serikali haikuota", na mtu fulani alikuwa ameweka alama ya kuuliza kwa penseli. Mama alikiri kwamba pamemshinda. Bibi, aliyesoma chuo cha Kurani utotoni na ambaye mpaka leo anaandika hesabu za chama chake cha kufa na kuzikana kwa herufi hizo, aliomba aisogelee. Akapitisha kidole hewani, bila kugusa, akisoma kwa sauti ya chini kama anayefuatisha juzuu. Akacheka. "Baba gani huyu mwenye 'ya', asiyeota? Ni pamba hii. Pamba ya serikali haikuota."

Waandishi wa zamani waliandika b na p kwa herufi moja ya be, na m inayotangulia b hawakuiandika, kwa hiyo baba, papa na pamba vyote huweza kutoka na sura moja. Msomaji ndiye anayechagua, na kuchagua kwataka ajue lugha na ajue shamba. Mama mtunza nyaraka alichukua penseli, akaandika neno jipya kwenye daftari lake, na chini yake akaandika jina la aliyelisoma. Kama tathmini yangu ingeishia hapo, ningesema nendeni, hata kwa miguu.

Haikuishia hapo. Kulikuwa na barua tatu nyingine mezani, hazijafunuliwa, kijana wa mapokezi alipogonga mlango na kutangaza kwamba ni saa ya chakula na chumba kinafungwa. Mama alijaribu kumsihi, lakini funguo zilikuwa za kijana. Tulitoka tukiziangalia karatasi zile kwa nyuma. Mlangoni alitutaka tusaini kitabu cha wageni, tena kwa kalamu ya wino.

Basi niseme nini? Sirudi. Au narudi, ila kwa ajili ya zile barua tatu, na kwa kuwa Bibi ananiuliza kila wiki tunakwenda lini. Ombi la pili nimelipeleka kwa mkono, nikasimama pale pale mpaka muhuri ukatafutwa, ukapatikana, ukagongwa kwenye nakala yangu, wino ukionekana vizuri. Mpaka leo sijajibiwa, na simu inaita bila kupokelewa.