Jiko Gani Litakuachia Hewa Safi Nyumbani: Mwongozo kwa Mnunuzi wa Arusha na Moshi

Mwezi Juni unapoingia na mawingu kuufunika Mlima Meru tangu alfajiri, nyumba nyingi za Arusha hufungwa madirisha hadi jua litoke, na chochote kinachotoka jikoni hubaki humo ndani pamoja na wenye nyumba. Kwa sababu hiyo sikuyapanga majiko haya kwa bei wala kwa mng'aro wake dukani, bali kwa swali moja: dirisha likiwa limefungwa, jiko hili linaacha nini katika hewa tunayoivuta?

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba uchafuzi wa hewa ya majumbani ulisababisha vifo takribani milioni 3.2 mwaka 2020, na miongoni mwa watu wazima wengi waliuawa na maradhi ya moyo, kiharusi, magonjwa sugu ya mapafu na saratani ya mapafu. Mharibifu mkuu ni chembechembe laini zisizozidi mikromita 2.5 kwa kipenyo, ambazo hupenya hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu. Maradhi hayo huja baada ya miaka. Kabla yake kuna macho kuwasha, kikohozi cha asubuhi na kichwa kuuma kila baada ya kupika, mambo ambayo wengi wetu huyasingizia uchovu.

Nafasi ya kwanza naipa sufuria ya presha ya umeme, bila kusita. Haichomi kitu chochote, kwa hiyo haitoi moshi wala gesi ya sumu, na kwa wakazi wa huku juu ina faida nyingine ambayo wauzaji hawaitaji. Arusha iko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka yakiwa kwenye nyuzijoto 95 hivi badala ya 100, ndiyo maana makande ya hapa hukaa motoni muda mrefu kuliko ya Tanga. Presha huziba pengo hilo, na maharage huiva kwa chini ya uniti moja ya umeme. Chagua ya lita 5 au 6 kwa familia ya kawaida, na kabla ya kulipa hakikisha kwamba mpira wa mfuniko unapatikana kama kipuri, kwa kuwa ndio huchakaa mapema. Udhaifu wake ni kwamba haifai kwa chapati, umeme ukikatika hupiki, na mpangaji anayechangia Luku na vyumba vingine vitano atagombana na majirani hata kama anatumia kidogo kuliko wao. Jiko la koili huacha hewa safi vilevile, ila linakula uniti nyingi zaidi.

Ya pili ni gesi, na kwa mpangaji mwenye Luku ya pamoja ningeiweka ya kwanza. Chembechembe zake ni chache mno zikilinganishwa na za mkaa au kuni, ingawa mwali wake hutoa kiasi cha naitrojeni dayoksaidi, ambayo huwasumbua wenye pumu katika chumba kisicho na pa kupumulia. Mtungi wa kilo 6 humtosha mtu mmoja au wawili. Familia inayopika mara tatu kwa siku ichukue wa kilo 15. Dai upimwe kwenye mizani mbele yako, kisha utoe uzito wa mtungi mtupu ulioandikwa juu yake. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutuama sakafuni; ukisikia harufu yake usiguse swichi ya taa, fungua mlango kwanza. Maungio yapakwe maji ya sabuni, na povu likitokea, kuna mvujo.

Jiko banifu la mkaa linashika nafasi ya tatu, tena kwa masharti. Linapunguza mkaa unaotumika, jambo linaloonekana mfukoni, lakini halijaondoa hatari kubwa ya mkaa, ambayo ni kaboni monoksaidi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na hung'ang'ania chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200. Mkaa uliokolea vizuri, usiotoa moshi hata kidogo, ndio unaodanganya watu wakauingiza chumbani usiku wa baridi, walale, wasiamke. Mkaa mbadala nao ni vivyo hivyo. Ukilinunua, liwe la kupikia barazani, na kazi ya kupasha joto chumbani iachiwe blanketi.

Kuni zinabaki na nafasi yake Machame na Kibosho, ambako jiko hujengwa mbali na nyumba ya kulala; hapo fedha itumike kwenye jiko lenye dohani inayopita juu ya paa. Jiko la mafuta ya taa naliweka mwisho kabisa, na silipendekezi kwa yeyote: Shirika la Afya Duniani lilishauri tangu mwaka 2014 kwamba mafuta hayo yasitumike majumbani.

Bajeti ikiruhusu, nunua pia feni ya ukutani inayotoa hewa nje, kwa kuwa hata juu ya jiko la umeme samaki wa kukaanga hutoa moshi wake. Ile ya mezani huuzungusha tu humo humo.