Crescent Hotel, Eureka Springs: mizuka iko kwenye matangazo, historia iko chini kabisa

Hoteli hii imekaa kileleni, juu ya mji mdogo wa Eureka Springs, jimbo la Arkansas, Marekani. Ilifunguliwa mwaka 1886, miaka mitatu tu baada ya reli kufika mjini, na aliyekuwa nyuma ya reli na hoteli ni mtu mmoja: Powell Clayton, gavana wa zamani wa jimbo hilo. Biashara yenyewe ilikuwa rahisi kuelewa. Watu waliamini maji ya chemchemi za hapo yanaponya, treni iliwaleta, na hoteli ikawalaza. Kuta ni za mawe ya chokaa, unene wake karibu nusu mita, na bado zinasimama vizuri.

Leo inajitangaza kuwa hoteli yenye mizuka mingi kuliko zote Marekani, na wageni wengi huanza kukosea hapo hapo. Wanakimbilia chumba namba 218, cha Michael, fundi mawe anayesimuliwa kuwa alianguka na kufa wakati wa ujenzi, au namba 419, cha mwanamke aitwaye Theodora. Vyumba hivyo hujaa mapema, hasa Oktoba. Tatizo ni kwamba makundi ya ziara ya usiku husimama nje ya milango hiyo hiyo, mwongozaji akisimulia na watu wakipiga picha. Kama usingizi wako ni mwepesi, chukua chumba kilicho mbali na namba hizo. Uliza pia ukubwa wa chumba kabla ya kulipa: jengo la karne ya 19 halina vyumba vinavyolingana, na vingine ni vidogo kweli. Sakafu ni za mbao zilizozeeka, zinalia mtu akipita, na hewa ya usiku ikipoa zinalia hata pasipo mtu. Ukilijua hilo utalala.

Tiketi ya ziara hainunuliwi pamoja na chumba, hata asiyelala hapo anaweza kuinunua, na wikendi huisha. Inunue kabla ya safari. Ziara inaanzia ghorofa ya nne na kushuka hadi mochwari ya zamani, chini kabisa ya jengo, kwa hiyo vaa viatu vya kutembelea.

Mochwari ndiyo sababu ya kwenda. Mwaka 1937 jengo lilinunuliwa na Norman Baker, mtangazaji wa redio kutoka Iowa aliyewahi kufanya maonyesho ya kiinimacho jukwaani. Hakuwa daktari. Aligeuza hoteli kuwa hospitali ya saratani, akaahidi kuponya bila upasuaji wala eksirei. Dawa yake maarufu ilikuwa mchanganyiko wa mbegu za tikiti maji, ndevu za mahindi, majani ya klova, gliserini, asidi ya kaboliki na spiriti. Wagonjwa walitoa akiba zao zote kwa dawa hiyo. Alikamatwa 1939, na kilichomfunga hatimaye ni sheria ya posta, kwa sababu matangazo yake ya uongo yalisafiri kwa barua: alipata miaka minne katika gereza la Leavenworth.

Chini kule mochwari utaona meza ya kupasulia maiti na chumba cha ubaridi. Tazama zaidi chupa. Mwaka 2019 mfanyakazi wa bustani alikuta shimo la taka nyuma ya hoteli, wanaakiolojia wakaitwa, na mamia ya chupa za enzi za Baker yakafukuliwa. Baadhi zimepangwa hapo. Ukisimama mbele yake, hadithi ya Michael inakuwa ndogo sana. Waliodanganywa walikuwa watu halisi, na ningependa waongozaji wawape dakika nyingi kuliko wanavyozipa taa zinazodaiwa kuchezewa na mizuka.

Kwa chakula kuna sehemu mbili. Crystal Dining Room, chini, ina dari ndefu na vioo virefu. Asubuhi ndipo inapopendeza, mwanga ukiingia. Jioni panda Skybar, ghorofa ya nne, ule piza kwenye roshani. Fika kabla jua halijazama, maana meza za nje ndizo zinazogombewa. Ng'ambo ya bonde utaona sanamu nyeupe ya Kristo, urefu wa mita 20 hivi, na chini yako kanisa la St. Elizabeth, ambalo huingiwa kupitia mnara wa kengele.

Usafiri: hakuna treni ya abiria inayokufikisha tena. Kwa gari ni karibu saa tatu kutoka Little Rock, nne kutoka Kansas City. Uwanja wa ndege wa karibu ni ule wa kaskazini-magharibi mwa Arkansas (kwenye tiketi huandikwa XNA), mwendo wa saa moja. Barabara za mji ni nyembamba, zina kona kali na maegesho ya katikati ya mji ni shida, kwa hiyo acha gari hotelini ushuke kwa basi dogo la mji linalosimama hapo. Njia ya miguu msituni ni fupi, lakini kurudi ni mlima mtupu. Januari na Februari angalia hali ya hewa kwanza, kwani barafu ikishika barabara hizo gari dogo halipandi.