"Hapana" ya papo hapo au "nitaona"?

Rafiki anakuomba umsaidie kuhama Jumamosi. Hutaki. Umjibu "hapana" au "nitaona"?

Kwa gharama, "hapana" hulipwa yote siku hiyo hiyo: uso unakunjwa, kimya kinatanda, basi. "Nitaona" ni ya mkopo, na riba yake kali. Jumatano utapigiwa, Alhamisi utatumiwa ujumbe, Ijumaa utajikuta umezima simu kama mdaiwa sugu, ilhali mwombaji ni yeye. Na ukishasingizia mafua, itakubidi ukohoe hadi Jumatatu. Kuutunza uongo mdogo kunachosha kuliko kubeba kabati.

Kwa uhakika, "hapana" inashinda bila jasho.

Lakini "nitaona" nayo ina siku zake. Mara nyingine mwombaji hupata msaada kwingine, nawe unabaki mtu mwema bila kunyanyua hata kiti. (Mimi nimeishi hivyo miaka mingi.)

Kama anayeomba ni rafiki wa kutaniana, mkatalie tu, kesho mtacheka. Kama ni mama mkwe, "nitaona" ina adabu zaidi, ila uhakikishe kwanza kwamba yeye ni msahaulifu.